Kitunguu cha Abel na Picha Iliyolala Ubavu

Wiki hii naomba tuzungumze juu ya picha. Sizungumzii picha za harusi wala za gazetini. Nazungumzia zile ambazo kompyuta huzitengeneza ili kutuonyesha ndani ya kitu ambamo jicho haliwezi kuingia: ndani ya mwali wa moto, ndani ya molekuli iliyopasuliwa kwa leza, ndani ya anga la juu linaloizunguka dunia yetu. Ziko programu za kompyuta za kufanya kazi hiyo, na nyingi kati yake zimejengwa juu ya hesabu moja iliyobuniwa na kijana wa Norway, Niels Henrik Abel, ambaye hakuwahi kuona kamera maishani mwake.

Wanaozitumia programu hizo, hasa wanafunzi, wana lalamiko linalojirudia. Picha iliyoingia ilikuwa nzuri. Picha iliyotoka ina mstari mkali katikati, ina pete mbili mahali pa moja, au ina nambari zisizoingia akilini. Basi mtu hukimbilia kusema kwamba programu ni mbovu.

Programu inaweza kuwa mbovu, sikatai. Lakini katika jambo hili mara nyingi programu imetenda kile kile ilichoambiwa. Kila anayetumia hesabu ya Abel ametoa ahadi, ajue asijue. Ameahidi kwamba kitu alichokipiga picha ni cha mviringo kuuzunguka mhimili mmoja, na kwamba mhimili huo ameuweka pale hesabu inapoutarajia. Ahadi hiyo ina historia yake, na sehemu tamu ya historia hiyo ilitokea barani mwetu, katika mji wa Cape Town.

Abel alizaliwa tarehe 5 Agosti 1802, mtoto wa mchungaji. Baba yake alifariki mwaka 1820 na kuiacha familia katika ufukara. Mwaka 1823 kijana huyo alichapisha katika jarida la sayansi la Christiania, mji ambao leo unaitwa Oslo, makala yenye swali lifuatalo. Fikiria shanga inayoteleza kwenye waya uliopindwa. Ukiijua sura ya waya, kutafuta muda ambao shanga itatumia kufika chini ni kazi ya kawaida ya hesabu. Abel aligeuza swali kichwa chini: mimi nimepima muda wa kuteleza kutoka kila kimo, sasa nipatieni sura ya waya. Huygens wa Uholanzi alikwisha kulijibu swali la aina hiyo katika karne ya 17, lakini kwa hali moja tu, ile ambayo shanga hutumia muda ule ule hata ukiiachia kutoka kimo gani. Abel alitoa jibu la hali zote. Mwaka 1826 alilieleza tena katika jarida la August Leopold Crelle kule Berlin. Tarehe 6 Aprili 1829 kifua kikuu kilimwua, akiwa na umri wa miaka 26. Siku mbili baada ya kifo chake, Crelle alimwandikia barua ya kumpa habari njema kwamba kazi imepatikana Berlin.

Sasa, waya na shanga vina uhusiano gani na picha? Twende jikoni tuchukue kitunguu.

Usikikate. Kiweke mbele ya taa kali sana, na tuseme kwamba nuru yaweza kupenya maganda yake na kuacha kivuli ukutani. Nuru iliyopita ukingoni kabisa imepita katika ganda la nje peke yake. Inayofuata kuelekea ndani imepita katika ganda la nje na la pili. Inayofuata hiyo imepita katika maganda matatu, na kadhalika mpaka ile ya katikati, ambayo imeyapita maganda yote. Ukianzia ukingoni, ganda la nje unalijua mara moja. Unaitoa sehemu yake katika kipimo cha pili, unabaki na ganda la pili peke yake. Unaendelea hivyo hadi moyoni. Wataalamu wenyewe huiita mojawapo ya njia za kufanya hesabu hii kumenya kitunguu, na Abel ndiye aliyetupa kisu cha kumenyea, ingawa yeye alikuwa akifikiria shanga.

Yako mambo mawili hapa ambayo aliyeyashika hatasumbuliwa tena na nusu ya matatizo ya programu hizo. Kwanza, hesabu hii inaamini kwamba kila ganda lina hali moja kulizunguka lote. Kitunguu kikiwa kimeoza upande mmoja, hesabu haiwezi kujua ni upande upi. Itauchukua uozo huo na kuupaka kwenye mzunguko mzima, na wewe utaona ganda bovu ambalo halipo. Pili, kila kosa dogo la ganda la nje hubebwa ndani wakati wa kutoa, kosa juu ya kosa, na moyo wa kitunguu ndio unaolipa deni la wote. Kwa hiyo ule mstari wa chengachenga unaoonekana katikati ya karibu kila picha ya Abel umezaliwa na hesabu yenyewe. Mtu anaweza kuupunguza kwa kupima vizuri zaidi na kwa kuchagua njia ya hesabu inayolainisha makosa. Kuufuta kabisa ni vigumu.

Waliofuata kukitumia kisu hiki walikuwa wapimaji wa matetemeko. Mwaka 1907 Gustav Herglotz, na baada yake Emil Wiechert wa Göttingen nchini Ujerumani, waliona kwamba mawimbi ya tetemeko yanayopita ndani ya dunia ni ile ile shanga ya Abel: muda wa safari umepimwa juu ya ardhi, kilichofichika ni hali ya njia. Wakaahidi kwamba dunia ni maganda ya mviringo na kwamba kasi ya mawimbi inazidi kadiri unavyokwenda chini. Pale kasi inapopungua ghafla, kama kwenye mpaka wa kiini cha dunia ambao Beno Gutenberg aliukadiria mwaka 1913 kuwa katika kina cha kilomita 2,900 hivi, hesabu hiyo peke yake hukwama, na ikabidi wataalamu watafute msaada kwingine.

Tufike Cape Town. Mwaka 1955 hospitali ya Groote Schuur ilibaki bila mwanafizikia wake. Sheria ya Afrika Kusini ilitaka matumizi ya vitu vyenye mionzi yasimamiwe na mwanafizikia mwenye sifa, na katika mji mzima aliyekuwapo alikuwa mmoja, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Cape Town, Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg. Akaombwa aende hospitali siku moja na nusu kila wiki, naye akafanya hivyo katika nusu ya kwanza ya mwaka 1956.

Alichokiona kilimsumbua. Wagonjwa wa saratani walikuwa wakipigwa mionzi kwa vipimo vilivyopangwa kana kwamba mwili wa binadamu ni kitu cha namna moja, usio na mfupa mzito wala pafu lililojaa hewa. Mionzi ikipita kwenye mfupa hupungua zaidi, ikipita kwenye pafu hupungua kidogo. Sasa daktari atajuaje ni kiasi gani kimefika kwenye uvimbe na ni kiasi gani kimechoma mahali pazima? Cormack aliona kwamba inahitajika ramani ya ndani ya mwili, na kwamba ramani hiyo itabidi ipatikane kwa vipimo vilivyochukuliwa nje. Hilo lilikuwa swali la kitunguu. Jibu kamili la kihesabu, la vitu visivyo vya mviringo, lilikuwa limekwisha kuchapishwa na Johann Radon wa Austria mwaka 1917, lakini Cormack hakulijua, na miaka mingi ikapita kabla hajalisikia.

Akaanza na kile kilichowezekana. Mwezi Julai 1957, akiwa amerudi Cape Town kutoka Harvard alikokuwa na likizo ya masomo, alichukua kipande cha alumini cha mviringo kilichozungushiwa pete ya mbao, akapitisha mionzi ya gama kutoka kwenye kobalti, akapima kilichotokea upande wa pili. Kwa kuwa kipande kilikuwa cha mviringo na katikati yake inajulikana, alihitaji kupima kutoka upande mmoja tu. Pande nyingine zote zingetoa jibu lile lile. Ahadi ya Abel ilikuwa imetimizwa na fundi wa karakana.

Hesabu ikatoka vizuri. Mbao zikaonekana mbao, alumini ikaonekana alumini. Ila vipimo vitatu vilivyokuwa karibu kabisa na katikati havikukaa kwenye mstari mmoja na vingine. Tofauti ilikuwa ndogo. Mtu mwingine angesema ni yale makosa yanayobebwa kuelekea moyoni, tuliyoyasema hivi punde, akaendelea na shughuli zake. Baadaye ilipoulizwa karakana, ikaonekana kwamba ndani ya kipande kile, katikati kabisa, kulikuwa na kijiti cha alumini nyingine inayopunguza mionzi kwa kiasi kidogo zaidi. Hesabu ilikuwa imekiona kitu ambacho mwenye kuifanya hakuwa na habari nacho.

Habari hii husimuliwa kama sifa ya hesabu, na kweli ni sifa. Lakini tuitazame vizuri, msikilizaji. Kijiti kile kilionekana mahali pake kwa sababu kilikuwa katikati. Lau fundi angekitia pembeni, kipimo cha upande mmoja kisingeweza kukionyesha kilipo. Hesabu ingekigeuza kuwa pete ya alumini hafifu, pete ambayo hakuna fundi aliyeitengeneza, na Cormack angekwenda karakana kuuliza juu ya kitu kisichokuwapo.

Mwili wa mgonjwa si kipande cha alumini cha mviringo, na Cormack alilijua hilo kuliko wote. Akiwa Chuo Kikuu cha Tufts nchini Marekani aliendelea mpaka akapata njia ya vitu vya sura yoyote, akaichapisha mwaka 1963 na 1964. Karibu hakuna aliyejali. Mwenyewe alieleza baadaye kwamba ombi la nakala lililomfurahisha kuliko mengine lilitoka kwa kituo cha Uswisi kinachochunguza maporomoko ya theluji. Godfrey Hounsfield wa Uingereza alifika kwenye jambo hilo hilo kwa njia yake, na mwaka 1971 mashine yake ikampiga picha ya kichwa mgonjwa wa kwanza katika hospitali ya Atkinson Morley mjini London. Mwaka 1979 wawili hao waligawana Tuzo ya Nobel. Mashine hizo huuzunguka mwili wa mgonjwa kwa sababu hiyo hiyo, kwamba mwili haukubali kuapiwa kuwa ni mviringo. Hesabu ya Abel ikabaki kwa wale wanaoweza kuapa.

Na miongoni mwao ni wanakemia. Mwaka 1987 David Chandler na Paul Houston wa Marekani walionyesha namna ya kupiga picha vipande vya molekuli iliyopasuliwa kwa leza. Vipande hurushwa kila upande kama mpira unaotanuka, na mpira huo hugongeshwa kwenye kigunduzi bapa, ukabanwa kama chapati. Kamera inaona chapati, nawe unataka mpira. Mwaka 1997 Eppink na Parker wa Nijmegen, Uholanzi, waliongeza lenzi za umeme zilizofanya picha hizo ziwe kali mara nyingi zaidi, na tangu hapo kazi ya kuurudisha mpira kutoka kwenye chapati imekuwa ya kila siku katika maabara nyingi. Programu zikaandikwa. Iliyoitwa BASEX ilitangazwa mwaka 2002, na baadaye ikaja PyAbel, ambayo imekusanya njia kadhaa mahali pamoja na hugawiwa bure.

Mpira huo si lazima uwe na unene sawa kila mahali. Mawimbi ya leza hutikisika kuelekea upande mmoja, na vipande hupenda kuruka kuufuata upande huo, au kuukwepa. Upande huo wa mtikisiko ndio mhimili wa ulinganifu, na ndio ambao mtu lazima aujue kabla ya kugusa kompyuta. PyAbel, kwa mfano, inachukulia kwamba mhimili umesimama wima katika picha, kutoka juu kwenda chini. Ikiwa katika maabara yako kamera ilifungwa kwa namna ambayo mhimili unalala mlalo, basi picha inabidi izungushwe robo duara kabla ya hesabu.

Usipoizungusha kompyuta haipigi kelele. Inamenya kitunguu kwa kukishika ubavuni na kukupa jibu. Ubaya wa jibu hilo ni kwamba halina sura ya kosa. Pete inatoka na ukubwa wake sahihi, kwa hiyo kasi ya vipande unaipata sawasawa, na unaridhika. Kilichoharibika ni mgawanyo wa vipande kuizunguka pete. Tuchukue vipande vinavyopendelea sana kufuata mhimili. Hesabu iliyofanywa ubavu itavionyesha vikipendelea mahali pasipo pake, na ndani ya pete, ambako hapakuwa na kitu chochote, itaweka nambari hasi. Idadi ya vipande haiwezi kuwa chini ya sifuri. Anayezionea haya nambari hasi na kuzifuta ili picha ipendeze amejinyima shahidi pekee aliyekuwa tayari kumwambia ukweli.

Jambo linalofuata ni katikati. Picha ndani ya kompyuta ni safu za vitone, na kompyuta huzihesabu kuanzia pembe ya juu kushoto: kwanza safu mlalo, halafu safu wima. Sisi shuleni tumefundishwa kutaja kwanza kwenda kulia, halafu kwenda juu. Mtu akiiambia programu katikati ya picha kwa desturi ya shule, amebadilisha nambari mbili mahali, na mhimili unahamia kwingine. Tena mhimili unatakiwa upite katikati ya safu moja ya vitone, kwa hiyo upana wa picha uwe na idadi witiri ya safu. Ukiwa na shufwa, mhimili unaangukia kwenye ufa kati ya safu mbili. Nusu ya kitone inaonekana ni kitu kidogo, lakini iko moyoni, na tumekwisha kuona nani hulipa deni.

Katikati iliyokosewa hujidhihirisha zaidi pale mtu anapokunja picha. Kwa kuwa robo nne za picha zinapaswa kufanana, wengi huzikunja na kuchukua wastani wake, ili kupunguza chengachenga. Katikati ikiwa imehama kwa vitone viwili, pete nne hazilaliani, na mwisho unaona pete nene au pete mbili ambapo maumbile yaliweka moja. Wako waliokwisha kuanza kutafuta maana ya pete ya pili.

Kukunja huko nako kuna masharti yake. Mwali wa mshumaa unafanana kushoto na kulia, lakini chini yake si kama juu yake. Anayekunja robo zote nne anachanganya ncha ya mwali na utambi. Huyo akunje kushoto juu ya kulia basi. Na kigunduzi kilichochakaa upande mmoja, kikikunjwa, kinaligawa kovu lake kwa robo zote nne, likaonekana kama sehemu ya maumbile. Ushauri wa mafundi wazoefu ni kwamba kabla ya kukunja uzitazame robo nne moja moja. Zikitofautiana, tafuta sababu kwanza. Tena iko njia rahisi ya kujipima: tengeneza picha ya bandia ambayo ndani yake unaijua, ipitishe katika programu, uone kama unarudishiwa ulichoweka. Cormack alifanya hivyo kwa alumini na mbao.

Namalizia na anga letu wenyewe. Mwaka 1995 setilaiti ndogo ya Marekani ilianza kusikiliza mawimbi ya setilaiti za GPS kila zilipokuwa zikichwea nyuma ya ukingo wa dunia. Mawimbi hayo yanapopita katika anga hupindwa na kucheleweshwa kidogo, ganda kwa ganda, na hesabu ya Abel hutumiwa kupata hali ya kila ganda. Mwaka 2006 Taiwan na Marekani zikarusha setilaiti 6 za kazi hiyo chini ya mpango wa COSMIC. Kwa hewa ya chini njia hii imekuwa msaada mkubwa kwa watabiri wa hali ya hewa. Kwa tabaka la juu lenye elektroni, linaloitwa ionosfia, ahadi ya mviringo ikakutana na Ikweta.

Maana katika ukanda wetu elektroni hazikutandazwa sawa. Mchana hupanda juu ya ikweta ya sumaku ya dunia, ambayo kwa upande wa Afrika Mashariki hupita juu ya Ethiopia, halafu huteremka pande mbili na kufanya vilima viwili, kimoja kaskazini na kimoja kusini, kila kimoja kwa umbali wa digrii 15 hivi. Kilima cha kusini huangukia juu ya nchi kama Tanzania. Mwali unaopita katika kilima na bonde kwa safari moja hauwezi kuapiwa kwamba umepita kwenye ganda lenye hali moja. Mwaka 2010 watafiti waliupima uongo huo kwa njia ile ile ya picha ya bandia. Walitengeneza ionosfia ya kompyuta wanayoijua, wakaipitisha katika hesabu ya Abel, na hesabu ikawarudishia mapango ya elektroni chache chini ya vilima, mapango ambayo wao hawakuyaweka. Tangu hapo wataalamu wamekuwa wakiisaidia hesabu hiyo kwa kuipa vipimo vingine vinavyoonyesha upande upi wa ganda ni mzito na upi ni mwepesi, kabla haijaanza kumenya. Mwaka 2019 setilaiti nyingine 6 zilirushwa chini ya mpango wa COSMIC-2, safari hii kwa njia zinazopita karibu na Ikweta, juu ya anga hili hili lenye vilima.